Nyumba Isiyopigwa Hodi

Xiaobei, Guangzhou
12 Oktoba 2025

Baba Agape,

Nakuandikia barua kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho tulipoongea mtoto alikaa pale katikati, anasikiliza mama yake anapandisha sauti na baba yake anakatikakatika kwa ajili ya mtandao. Baadaye akaniuliza kama baba amevunjika. Nikamwambia hapana, ni simu. Basi tuandikiane. Kwenye karatasi mtu hamkatishi mwenzake maneno.

Sisi wazima. Agape anakula, ila wali mtupu. Kichina chake kimezidi changu. Wenye maduka hapa ukiwauliza kitu ambacho hawana wanasema "mei you", na sasa nikimwambia avae viatu ananijibu mei you, nikimwambia alale, mei you. Yule mama Mkongo anayemlea mchana anasema atakuwa mfanyabiashara mzuri, anajua kukataa mapema.

Nina jambo moja tu la maana. Kibali changu kinaisha Januari na safari hii siongezi. Nimechoka, Didas. Nashinda kwenye ofisi ya dada Sia nafunga mizigo ya kago ya watu, jioni nambeba mtoto mgongoni na mboga mkononi, na kesho yake hivyohivyo. Nitarudi Moshi na Agape. Kabla sijaondoka, naomba uje. Uje Krismasi ukae mpaka mwaka mpya uingie. Mei ulikuja kwenye mapumziko yenu, mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukuzoea, ukaondoka. Tukishafika Moshi ndiyo basi tena mpaka umalize shahada yako. Sasa hivi akiulizwa baba yako yuko wapi anaonyesha simu.

Sikuombi kitu kingine. Hela zako za masomo zitunze. Njoo wewe.

Mkeo,
Melania

*

Oga, Akita, Japani
24 Oktoba 2025

Mama Agape wangu,

Barua yako imefika. Mtu wa posta aliishika kwa mikono miwili, akainama. Katika kitongoji hiki barua ya kutoka nje ni habari, na nadhani hadi jioni nyumba zote zilikuwa zinajua kwamba yule mwanafunzi Mwafrika ameandikiwa.

Nitakuja Krismasi. Nimeshamwambia profesa.

Uliniuliza kwenye simu, siku ile tuliyogombana, ni kitu gani kinanifanya nikae kijijini kwa wazee wakati wenzangu wote wanaosomea madini wanaishi mjini karibu na chuo. Kwanza kodi ni ndogo, maana nyumba nyingi ni tupu. Pili, nimewazoea. Acha nikueleze kitu chao kimoja.

Jioni ya tarehe 31 Desemba, wanaume wa kitongoji huvaa vinyago vya kutisha vyenye pembe na majoho ya mabua ya mpunga, wanapita nyumba hadi nyumba wakinguruma. "Kuna mtoto mtundu humu? Kuna mtoto mlialia?" Wanaitwa Namahage. Usifikiri ni mashetani. Kwao ni miungu wageni wanaoleta baraka. Mtoto anapiga kelele anamkimbilia baba yake, baba anamkinga, anawaambia wageni huyu wangu ana adabu, halafu anawakaribisha pombe ya mchele na wanaondoka. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua desturi hii, pamoja na nyingine za namna hiyo za sehemu mbalimbali za Japani, kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Gazeti la siku hiyo wameliweka kwenye fremu ukumbini kwao, juu ya birika la chai.

Lakini dunia imewatambua wakati wenyewe wanaisha. Vijana wako Tokyo. Majoho yalikuwa yanasukwa na akina bibi. Mmoja amepelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, mwingine mikono inamtetemeka. Hata mabua yenyewe ni shida, mashine za kuvunia zinayakata vipande vifupi visivyosukika. Mwenyekiti wao, mzee Sugawara, aliniambia jana kwamba mwaka huu watavaa yaleyale ya zamani, yaliyobaki kama mswaki uliochakaa.

Nakutumia picha nimchekeshe Agape. Usimwonyeshe kabla ya kulala.

Wako,
Didas

*

Xiaobei
9 Novemba 2025

Baba Agape,

Picha nimemwonyesha Agape mchana. Hakuogopa. Alimpa yule mwenye pembe biskuti.

Sasa mwambie mzee Sugawara asilie tena na majoho. Niko Guangzhou, na hapa hakuna kitu kisichoshonwa. Dada Sia anamjua bosi mmoja wa karakana ya nguo za maigizo huko upande wa Baiyun. Nikampelekea picha yako. Akaitazama, akatazama picha yangu na mtoto kwenye kioo cha simu, akasema mei you. Nikamwambia, laoban, bosi wangu, bado hujaulizwa bei unasema huna? Akacheka, akatoa kalkuleta. Basi tukaanza, yeye anaandika, mimi nafuta, yeye anaandika, mimi nafuta. Dada Sia kakaa pembeni anasema, "Mwache huyo, fungasha virago uondoke, akikuita ujue amekubali." Nikafungasha virago kweli, nikafika mlangoni, akaniita.

Alitaka kutumia majani ya kweli, nikakataa. Majani yanaoza, yanaingia panya, yanapukutika. Nimemwambia atumie nyuzi za nailoni rangi ya dhahabu, ashone mara mbili, aweke na utepe imara shingoni. Yametoka mazuri mpaka nikatamani kuvaa. Nilimkalisha Agape juu ya moja, nikalivuta kama ninang'oa mhogo. Hautoki hata uzi mmoja. Sijawahi kununua mzigo wa uhakika namna hii kwa ajili yangu mwenyewe.

Yamekwenda kwa ndege. Ni zawadi, usiwatajie bei. Waambie yametoka kwa mke wa Didas.

Tiketi umeshakata?

Melania

*

Oga
20 Novemba 2025

Melania wangu,

Mzigo umefika, na naandika huku nikiwa sijui nianzie wapi.

Tuliufungua ukumbini. Mzee Sugawara alivaa moja mwenyewe, akajitikisa, akatazama chini. Akajitikisa tena, akatazama chini. Wenzake wakatazama sakafu pamoja naye, kama watu waliodondosha sindano. Halafu bibi yule wa mikono inayotetemeka akaanza kucheka, wakacheka wote, na baadaye wakaona aibu wakasimama kwa mstari wakaniinamia kwa ajili yako.

Nilikuwa sijakueleza kwa sababu nilidhani halina maana. Joho lile linatakiwa lipukutike. Namahage akiruka na kukanyaga sakafu, mabua yanaanguka ndani ya nyumba ya watu, na mabua hayo ndiyo baraka. Hayafagiliwi mpaka kesho yake. Wanamfunga mtoto kichwani bua moja asiugue mwaka mzima. Kulichomoa kwa mkono ni mwiko, lazima lianguke lenyewe. Sasa wewe umewatengenezea joho ambalo baraka haitoki hata ukilivuta kama mhogo.

Usikasirike. Mzee ameyatundika ukumbini na anasema watavaa watoto wa shule kwenye maonyesho. Kosa ni langu.

Lakini kuna jambo limetokea kwa sababu ya mzigo huo. Walinikalisha, wakanimiminia chai, mzee akasema mtu ambaye mkewe amewafikiria namna hii kutoka China si mgeni tena. Mwaka huu wanaume wenye nguvu za kuruka wamebaki wawili, na mmoja amefanyiwa upasuaji wa goti. Namahage hatembei peke yake. Wakaniomba nivae kinyago. Bila mimi nyumba za upande wa chini zitakosa wageni, na desturi ikishaacha nyumba hairudi kirahisi.

Kabla ya kunipa kinyago mzee aliniuliza swali lao la kawaida. Je, nyumbani kwangu mwaka huu kuna aliyefariki? Maana nyumba yenye msiba hawapigi hodi, wanaipita, na mwenye msiba havai kinyago. Nikajibu hakuna. Akauliza tena, hata kwa mkeo kule China? Nikajibu hakuna, wote wazima.

Kwa hiyo Krismasi siwezi, Mama Agape. Mazoezi yanaanza kabla na siku yenyewe ni tarehe 31. Nitakuja Moshi nikipata likizo, labda Machi. Najua niliahidi. Naomba unielewe, hawa watu hawajawahi kumwomba mgeni kitu hiki.

Didas

*

Xiaobei
28 Novemba 2025

Dada Jovitha,

Shikamoo. Namshukuru Mungu sisi wazima, natumaini na ninyi hapo Moshi hamjambo, shule inakaribia kufunga salama na mahindi yameota.

Barua hii anakuletea mteja wa dada Sia anayerudi Moshi, na ndani ya bahasha nimekuwekea barua ya shemeji yako, usome mwenyewe nisije nikaonekana namsingizia. Anakwenda kutisha watoto wa watu ili wawakimbilie baba zao. Wa kwake atamkimbilia nani? Nilitaka kumwandikia hivyohivyo siku ileile, nikaweka kalamu chini. Si kwa sababu ya hasira. Ni kwa sababu ya lile swali.

Wewe na Sia ndio mnaojua. Didas alipoondoka Mei aliniacha na mimba, mimi mwenyewe sijui. Nilipojua nikasema acha itulie kwanza ndiyo nimwambie. Agosti ikatoka. Sia alinipeleka hospitali, akanishikia Agape, akanipikia mtori. Wiki ile Didas alikuwa mgodini kwenye utafiti wake, simu haishiki. Alipotoka akanipigia anacheka, ana vumbi mpaka kwenye kope, ananionyesha jiwe. Nikaona siwezi kumwambia mtu anayeonyesha jiwe. Kesho yake nikaona siwezi tena, na keshokutwa ikawa rahisi zaidi kutoweza.

Nilirudi kufunga mizigo. Agape alikuwa na kikohozi. Ndivyo ilivyokwisha.

Tangu hapo hakuna mtu aliyeniuliza kitu, kwa sababu ukiacha ninyi wawili hakuna aliyejua kuna kitu cha kuulizwa. Wa kwanza kuuliza kama kuna aliyefariki nyumbani kwangu mwaka huu ni mzee wa Kijapani asiyenijua hata sura. Na mume wangu akamjibu kwa niaba yangu, hakuna.

Sasa niambie. Nikisema, Didas havai kinyago, anakuja. Hapo ndipo panaponikera. Nitaonekana nimemtumia mtoto yule kumvuta mwanaume. Nikinyamaza, ataingia majumbani kwa watu amebeba msiba wasioujua, na yeye mwenyewe haujui. Sijui hata kama kwa hesabu zao unaitwa msiba. Kwetu sijui pia. Hatukuwahi kuulizana.

Mdogo wako,
Melania

*

Moshi
4 Desemba 2025

Mdogo wangu Melania,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii nampa Rodrick anakuja huko kununua viatu, kwa hiyo naandika upesi, yuko hapa sebuleni ananiharakisha na amemaliza ndizi zangu.

Shemeji nimemsoma. Mtu mwema, ila akipendwa na watu anasahau yuko wapi. Wewe nawe, umesoma mpaka kidato cha nne hukujifunza kuuliza kwanza? Kumpelekea Mjapani nailoni! Nimecheka mpaka mama akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni habari za Agape.

Mwambie mumeo. Unaogopa atakuja. Ni kweli atakuja. Sasa? Watu husafiri kwenda misibani kila siku, wanapanda basi usiku na mchana, hakuna anayesema marehemu amewavuta. Unataka aje kwa sababu ipi iliyo nzuri kuliko hiyo? Krismasi?

Ila usimwambie kwa simu na usimwambie kwa hasira. Na usimwambie ili ashindwe. Mwambie ili ajue. Ukiona mkono unaandika ili ashindwe, chana uanze upya. Mimi nilikuwa mkali kwa baba wa wanangu, nikisema kweli naisema kama jiwe, na mpaka leo anakumbuka jiwe.

Kama ni msiba au si msiba, usiniulize mimi wala huyo mzee. Ulilia?

Rodrick amesimama.

Dadako,
Jovitha

*

Xiaobei
12 Desemba 2025

Baba Agape,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Ni ya mzee Sugawara. Nimeiandika Kiswahili kwa kuwa sina lugha yake. Naomba ukae naye umsomee, neno kwa neno, usiirembe na usiipunguze.

Najua utaifungua njiani. Sikukatazi. Ingekuwa mimi ningeifungua palepale kwa mtu wa posta.

Nimejaribu kukuandikia wewe. Nimechana karatasi nyingi, kila nikianza inatoka kama nakushitaki, na sina la kukushitaki, hukujua. Nikaona nimjibu aliyeuliza. Kwake imenitoka.

Sikuambii uje. Sikuambii usivae. Hilo utaamua wewe na wao. Nimekuombea juzi na jana na leo nimekuombea tena.

Melania

*

Xiaobei, Guangzhou
12 Desemba 2025

Mzee Sugawara,

Shikamoo. Mimi ni Melania, mke wa Didas, niliyekuletea majoho yasiyopukutika. Naomba radhi. Katika kazi yetu kitu kikipukutika mteja anakirudisha, kwa hiyo nilifikiri nawafanyia vizuri.

Mume wangu ameniambia ulimuuliza kama nyumbani kwake mwaka huu kuna aliyefariki, akakujibu hakuna. Hakukudanganya. Hakujua. Mimi ndiye niliyekuwa najua.

Jibu ni ndiyo. Mwezi wa Agosti nilikuwa na mimba ikaharibika. Ilikuwa imeshafika mahali ambapo nilikuwa nimeanza kulegeza nguo. Hakuwa na jina. Sikumzika mimi, hospitali waliniambia wao watashughulikia, nikaweka sahihi kwenye karatasi nisiyoweza kuisoma. Kulikuwa na mvua. Sikumwambia mtu yeyote wa kwa mume wangu.

Sijui kama kwa desturi yenu huyu anahesabiwa. Naomba unisamehe kama nimekuletea jambo lisilokuhusu. Wewe ndiye uliyeuliza, na umeuliza mara mbili, na mimi nimelelewa kumjibu mkubwa.

Mume wangu ni mtu mzuri. Akikanyaga sakafu anakanyaga kwelikweli. Kama atavaa, atavaa kwa moyo. Lakini sipendi aingie kwenye nyumba za watu wako kwa jibu ambalo si sahihi.

Wasalimie akina bibi.

Melania

*

Oga
19 Desemba 2025

Melania,

Niliifungua njiani. Nilikuwa kwenye daraja dogo karibu na ukumbi. Sikumbuki nilivyofika.

Nilimsomea. Kuna maneno sikuwa nayo kwa Kijapani. Neno la mimba kuharibika sikulijua, sikuwahi kulihitaji. Nikatafuta kwenye simu mbele yake, yeye anasubiri, nikampa simu asome mwenyewe. Akaisoma, akavua miwani.

Pale pa kulegeza nguo nilishindwa. Alinisubiri. Mwishowe nikapasoma.

Hakuuliza kama ni mtoto au si mtoto. Aliuliza tu, Agosti mwanzoni au mwishoni. Sikujua. Nilikuwa baba yake. Akaingia ndani akamwambia mkewe, wakarudi wawili, wakanipa pole kwa yale maneno yao rasmi ya msibani, wamepiga magoti. Mimi nimesoma nchi hii mwaka wa tatu na sikujua mtu anajibu nini. Nikasema asante.

Sivai. Hakunikataza, aliweka tu kinyago sandukuni akafunga. Nyumba za upande wa chini mwaka huu hazitatembelewa. Nikamwambia nimewaharibia. Akasema wakati wa ugonjwa ule wa dunia nzima Namahage walisimama, na walirudi.

Nataka kukuuliza kwa nini hukuniambia, halafu nakumbuka jiwe. Nilikuwa nakuonyesha jiwe.

Nafika uwanja wa ndege wa Baiyun tarehe 29 saa tisa alasiri. Usije na mtoto uwanjani kwenye baridi. Nitapanda treni ya chini ya ardhi mwenyewe mpaka Xiaobei.

Didas

*

Xiaobei
3 Januari 2026

Dada Jovitha,

Shikamoo. Didas yuko hapa, amelala, na mtoto amelala, na mimi nimepata nafasi ya kukuandikia. Barua hii atakuletea Rodrick, naona viatu vyake vimepatikana.

Alifika kama alivyosema. Alibisha hodi, nikafungua. Agape alimtazama mara moja, akakimbia akaingia nyuma ya miguu yangu akapiga kelele. Nikamwambia ni baba. Akasema baba yuko kwenye simu. Didas hakusogea. Alikaa chini palepale mlangoni na koti lake na begi mgongoni, majirani wanapita wanamruka. Nikamwambia ingia, unatutia aibu. Akasema, "Mwache kwanza anitazame." Akakaa mpaka mtoto alipochoka kulia akaanza kudadisi viatu vyake. Mimi nilikuwa naendelea kumenya viazi.

Hatukuongea siku ile wala iliyofuata, yaani tuliongea habari za mizigo na chakula. Tarehe 31 tulipokuwa tunakula ndipo akatoa barua ya mzee Sugawara. Imeandikwa kwa wino mweusi, kwenye karatasi nene, kutoka juu kwenda chini. Amenitafsiria mbele ya mtoto, na alinitafsiria polepole. Nimemwomba aniandikie nikunakilie hapa.

"Kwa mke wa Didas. Umejibu swali langu, nami nashukuru. Kwa desturi yetu anahesabiwa. Kama sivyo kwa desturi ya vitabu, basi ni kwa desturi ya nyumba yangu, kwa kuwa mimi na mke wangu tulikuwa na mmoja, kabla ya mwanangu mkubwa, na mama yangu alitukataza kumtaja. Mwaka ule nilivaa kinyago. Nilikuwa kijana nikaambiwa nivae, nikavaa, nikaingia nyumba zote. Mke wangu alibaki nyumbani akisikia ngurumo yangu. Juzi, mumeo alipoondoka hapa kwetu baada ya kunisomea barua yako, ndipo tulipomtaja kwa mara ya kwanza. Wageni kutoka nchi nyingi huja kuniuliza maana ya Namahage, nami huwajibu yaliyo kwenye vipeperushi. Kwetu, nyumba yenye msiba haipewi salamu za mwaka mpya. Kwa hiyo mwaka huu sikutakii heri, wala mimi sitapokea za mtu. Nakupa pole tu."

Alipomaliza aliikunja barua. Agape akaomba wali. Nikampakulia. Didas ndipo akaniuliza, taratibu, Agosti mwanzoni au mwishoni. Nikamwambia, katikati, siku mbili kabla ya Bikira Maria kupalizwa, na nilikuwa nimevaa lile gauni la kijani. Akauliza nani alinishika mkono. Nikamwambia Sia. Nilimweleza yote, dada, mpaka ile karatasi niliyoweka sahihi. Hakunilaumu kwamba ningemwambia mapema. Alilia, nami nikamkazia sauti kidogo, nikamwambia lia, ila usiniombe mimi nikubembeleze, leo ni zamu yangu. Akasema sawa. Akatoa vyombo akaosha.

Mwezi huu tunaondoka, hilo sikubadilisha. Yeye anarudi kumaliza shule, mimi na Agape tunakuja Moshi. Nimemwambia ni yeye mwenyewe atakayemwambia mama yake, si mimi na si wewe. Amekubali.

Lakini nilitaka kukueleza ya juzi asubuhi. Mtaa wetu mzima wa Dengfeng ulikuwa unasalimiana, Wakenya wamefungulia muziki kuanzia chini hadi ghorofa yetu. Dada Sia akapanda na sufuria la pilau, kavaa kitenge kipya, anapiga kelele tangu kwenye ngazi: "Hodi hodi, wenye nyumba! Heri ya mwaka mpya! Shemeji, leo utacheza muziki utake usitake!" Nikafikiri Didas atacheka naye, ndivyo alivyo kwa watu. Alikwenda mlangoni amembeba Agape, ambaye sasa anakubali kubebwa ila mgongoni tu, hataki kutazamana naye. Akamwambia, "Dada Sia, karibu. Utusamehe, mwaka huu hatupokei heri. Tuna msiba."

Sia alinitazama mimi. Yeye ndiye aliyenipikia mtori Agosti, akanyamaza nami mpaka leo. Hakuuliza nani. Aliweka sufuria chini, akavua viatu, akavuta mkeka uliokuwa ukutani, akaketi sakafuni akanyoosha miguu kama tunavyokaa kwetu watu wakija kukesha. Akasema, "Haya. Nimekuja. Nilikuwa nangoja kuitwa."

Mdogo wako,
Melania